Wanafunzi wetu wa doktora: nani anawasoma?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaotusoma kwa simu kutoka Oicha, Kasindi, Lubero na ndani ya familia zilizowapokea hapa Butembo na Beni, leo siwaletei habari ya mapigano wala ya bei ya unga. Nataka tuongee juu ya watu wanaosoma doktora. Nilipogusa jambo hili hewani siku ya posho iliyopita, baba mmoja alipiga simu akasema: "Mwandishi, watu wanalala chini, na wewe unatuletea mambo ya maprofesere." Sikukasirika. Namwomba tu anisikilize mpaka mwisho, maana yeye mwenyewe yumo ndani ya habari hii.

Nianzie kwenye foleni ya chakula.

Mwaka jana redaksio ilinituma kufuata mkutano wa wataalamu katika chuo kimoja cha huku kwetu. Siku 2, ukumbi mkubwa, kitambaa chenye maandishi ukutani, wageni wa heshima mbele. Hotuba za kufungua zilichukua asubuhi yote, mnatujua. Wanafunzi wa doktora walikuwa wamepangwa mchana, lakini hotuba zikawasukuma hadi jioni, watu 7 mfululizo, kila mmoja dakika 10. Mvua ilikuwa inapiga mabati na nusu ya viti ilikuwa tupu.

Kati yao kulikuwa na dada mmoja, asistenti, mama wa watoto 2. Jina lake silitaji. Anafundisha hapa, lakini doktora ameandikishwa katika mji mwingine, mbali. Kazi yake ni juu ya familia zinazopokea watu waliokimbia vita: nani analisha nani, kwa muda gani, na mwenye nyumba anavumilia mpaka wapi. Mnajua kwamba hapa kwetu wengi waliokimbia hawako kwenye kambi. Wako chumbani kwa shemeji, jikoni kwa mama mkwe, kwenye nyumba ya mtu wanayesali naye. Huyu dada alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na karatasi yake ya maswali. Akaanza kueleza. Dakika ya 8 msimamizi wa kikao akagonga meza: "Malizia." Dakika ya 10 akamkata. Maswali yakaja 2. La kwanza halikuwa swali, ilikuwa hotuba ya mzee mmoja juu ya kazi zake mwenyewe. La pili lilihusu makosa ya Kifaransa kwenye ukurasa wa kwanza. Makofi. Mwingine aje.

Kesho yake, saa 7 mchana, niko kwenye foleni ya wali na maharage. Dada yuko mbele yangu, na mbele yake kuna profesere mmoja mzee, mgeni aliyetoka mbali. Profesere akageuka na sahani mkononi, akamwambia: "Binti yangu, wewe umehesabu watu waliokuwa ndani ya nyumba siku ile uliyofika. Lakini mwezi uliotangulia, watu hao walikuwa wapi?" Hayo tu. Akapewa nyama yake, akaenda kukaa. Dada akabaki amesimama, foleni imekwama nyuma yake, mpaka nikamgusa bega.

Baadaye aliniambia kwamba swali lile lilimrudisha kwenye nyumba zote alizopita, na kwamba anaandika upya sura 2. Akaongeza kwamba, ukimtoa profesere anayemsimamia, hayo ndiyo maoni ya maana aliyoyapata ndani ya miaka 5.

Jambo hilo limekaa nami. Miaka 5 ya kazi, na neno lililomsaidia limekuja kwa bahati, kwa sababu alisimama nyuma ya mtu fulani kwenye foleni. Kama angesimama nyuma yangu ningemwambia kwamba maharage yamezidi chumvi.

Kwa wale ambao hawajakutana na neno hili: anayesoma doktora hafundishwi tena kama mtu aliye darasani. Anachagua swali moja ambalo bado halijapata jibu zuri, analifuatilia kwa miaka, anaandika kitabu kinachoitwa tasnifu, ambacho wengi hapa tunakiita teze, kisha anasimama mbele ya jopo la maprofesere kukitetea. Kwa mwenye bahati ni miaka 4 au 5. Hapa nimewajua waliofika 10, na nimewajua walioacha njiani wakafungua duka la dawa. Profesere anayemsimamia, tunamwita promotere, mara nyingi ana wanafunzi wengi, anazunguka vyuo kadhaa ili maisha yaende, na anakaa mji mwingine. Sura inatumwa kwa simu siku mtandao ukikubali. Inakaa huko miezi. Mwanafunzi anaogopa kukumbusha, asionekane hana adabu.

Mimi sina doktora. Nina diploma ya sekondari na mafunzo ya uandishi wa habari. Lakini katika mafunzo yale mwalimu wetu alikuwa na desturi moja: siku ya tano mchana kila mmoja analeta ripoti yake, inapigwa mbele ya wote, na kila mmoja lazima aseme kitu juu yake. Kusema "ni nzuri" ilikuwa marufuku. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa juu ya soko, dakika 3. Mwenzangu mmoja akauliza: "Mama muuzaji yuko wapi? Nimesikia sauti yako tu." Niliumia, na usiku ule sikulala vizuri. Siku ya kwanza nikarudi sokoni. Mpaka leo, kabla ripoti haijaenda hewani, nahesabu sekunde za sauti yangu na sekunde za sauti za watu. Kulelewa katika kazi, kwangu, ni hivyo: mtu amesikiliza kazi yako yote, akakuambia ukweli wakati bado unaweza kurekebisha. Ukweli unaokuja siku ya kutetea, mbele ya jopo na shangazi waliovaa vitenge vipya, umekuja kuaibisha tu.

Wazee wetu Wayira hili walilijua. Kwenye kyaghanda, jioni, vijana walikaa kuota moto na wakubwa, kijana akasema neno lake, na wakubwa wakamrudisha pale alipopotoka. (Mabinti hawakukaa pale, na hilo tusilirudishe.) Nairobi nako walipanga jambo linalofanana kwa njia yao. Tangu 1988 kuna muungano wa utafiti wa uchumi unaojulikana kwa herufi AERC. Mara 2 kwa mwaka watafiti wanaleta kazi ambayo haijaisha, wataalamu waliotangulia pamoja na wenzao wanaichambua, na mtu anarudi nyumbani na mambo ya kurekebisha. Angalieni vizuri: kazi ambayo haijaisha. Mikutano yetu inataka kazi iliyopigwa pasi, na kazi ikishapigwa pasi hakuna anayetaka kuikunjua. Tangu 2008 kuna pia CARTA, inayoongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi pamoja na chuo kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, na ndani yake kuna vyuo kama Makerere na Dar es Salaam. Wanafunzi wao wa doktora wanakusanywa kwenye semina 4 kwa zamu, kuanzia namna ya kujenga swali mpaka namna ya kuandika makala. Pale mlezi wa kazi yako amepangwa kabla. Hahitaji kukutana nawe kwenye sufuria.

Mtasema: basi waende huko. Kwa njia gani? Zamani kidogo, mwanafunzi wa Butembo aliyetaka kusikilizwa alipanda basi hadi Goma, na kutoka Goma akapanda boti hadi Bukavu. Kanyabayonga ilianguka mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 2024, Goma mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025, Bukavu katikati ya mwezi wa 2. Siku hizi mstari wa vita unapita katikati ya Lubero, kati ya mwanafunzi na wale waliokuwa wakimsoma. Barabara ya Komanda, hofu yake mnaijua kuliko mimi. Inabaki ndege ya Mavivi kwa mwenye dola, au Kasindi kuelekea Kampala. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kuwasikiliza hawa watu, ni hapa. Na hapa hatuanzi na mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kipo Butembo tangu 1989, kazi iliyoanzishwa wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko. Kuna Chuo Kikuu Rasmi cha Ruwenzori, kuna kile cha Assomption, na Beni kuna UCBC tangu 2007. Kati ya Butembo na Beni ni kilomita 54. Mama wa kabichi anaikata njia hiyo asubuhi na kurudi jioni.

Sasa nirudi kwa baba aliyepiga simu.

Baba, hawa watu wanakuja kwako. Wakiandika, wanaandika maisha yako. Mnakumbuka Ebola: ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ikamalizika tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, wagonjwa 3470, na kati yao 2287 tukawazika. Katikati ya msiba huo ulifanyika utafiti ulioitwa PALM, huko Mangina, Beni, Butembo na Katwa. Dawa 4 zilijaribiwa kwa wagonjwa 681, na 2 kati yake zikaonekana kuokoa watu zaidi. Ujuzi huo dunia nzima inautumia, na umetoka katika miili ya watu wa hapa. Wakongo walikuwa mbele: Profesere Jean-Jacques Muyembe, na Dokta Sabue Mulangu ambaye jina lake ndilo la kwanza kwenye makala ya utafiti ule. Najivunia. Lakini Profesere Muyembe doktora yake aliipata Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973. Vijana wetu waliopima joto barabarani, waliotafsiri Kinande kwenye vitanda vya wagonjwa, waliojaza fomu usiku, wangapi walishikwa mkono mpaka wakaandika kwa jina lao?

Na mnakumbuka upande wa pili. Mwezi wa 2 mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, wakati ambapo kwenye kila mstari wa maji mtu alikuwa akisema Ebola ni biashara. Siwezi kudai kwamba teze ya mtu ingezima moto ule. Ila nimefanya kazi ya kuuliza maswali kwa miaka, na nimeona kwamba mtu anayeulizwa kila siku bila kurudishiwa neno anatunga jibu lake mwenyewe.

Wenzetu wa Bukavu walilisema bila kuficha. Ndani ya kile walichokiita Bukavu Series, kilichokusanywa kuwa kitabu mwaka 2020, watafiti wa Kongo pamoja na wenzao wa Ubelgiji walieleza maisha ya wale wanaotumwa vijijini kukusanya majibu: hatari ni yao, pikipiki ni yao, na kitabu kikitoka jina lao halimo. Tangu mauaji ya Beni yaanze mwezi wa 10 mwaka 2014 ripoti zimeandikwa nyingi. Moja iliyosomwa sana, ya mwezi wa 3 mwaka 2016, iliyouliza wauaji wa Beni ni nani, ilitoka kwa kundi la utafiti lililoko chuo kikuu cha New York. Ilikuwa kazi ya maana, na sina ugomvi nayo. Lakini mtoto wa Mbau au wa Rwangoma anayetaka kuandika juu ya kijiji chake kwa miaka 5, akiwa na lugha, akiwa na makaburi, anahitaji mtu wa kumwambia mapema: hapa umependelea, hapa umeogopa, hapa umeamini haraka. Asipompata, teze itakuwa dhaifu, na watakaotuandika watabaki wale wale.

Wiki 2 baada ya mkutano ule nilibeba swali la profesere mpaka Furu, kwa mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Kirumba. Alikuwa anachambua maharage.

"Mama, mwezi uliopita mlikuwa mnakaa wapi?"

Akacheka. "Mwanangu, sisi hatukai. Unga ukianza kupungua kwa mwenye nyumba, mtu mzima anaona. Hakuna anayekufukuza. Unaona tu mama wa nyumba anachelewa kuwasha moto. Basi unachukua watoto wawili unawapeleka kwa dada, wewe unabaki na mdogo. Kisha kwa dada nako moto unachelewa."

Tangu atoke kwake alikuwa amelala katika nyumba 5. Nikamuuliza kama amewahi kuhojiwa na watu wenye karatasi. Mara 4, akasema. Kuna aliyerudi kumwambia alichopata? Akaniangalia. "Wewe ndiye wa kwanza kurudi na kitu. Na umerudi na swali, si na jibu."

Kile ambacho profesere alikiona kwa uzoefu wake wote, mama huyu angekisema saa ya kwanza, kama angekuwa na kiti ndani ya ukumbi ule.

Kwa hiyo naomba hivi, na naomba hadharani. Vyuo vya Butembo na Beni vikubaliane kukutana mara 1 kwa mwaka, siku 3, kwa ajili ya wanafunzi wa doktora tu. Bila hotuba; meya anaweza kusalimia dakika 5 tukampigia makofi. Kila mwanafunzi atume sura 1 wiki 3 kabla, na ipewe watu 2 wanaojulikana kwa majina: mmoja profesere, mwingine mwanafunzi mwenzake. Asiyesoma asiseme. Ukumbini mwanafunzi aongee dakika 10 kama sasa, lakini asikilize dakika 40. Kisha, na hili kwangu ndilo kubwa, kila mmoja apate saa 1 ya meza, yeye na msomaji wake, mlango umefungwa. Kuna mambo mtu hawezi kuyapokea mbele ya watu. Mimi nililia chooni baada ya ripoti ya soko, na nilikuwa na dakika 3 tu za kutetea. Maoni yaandikwe kwenye karatasi, mwanafunzi ampelekee promotere wake, ili asije akaambiwa kule Kisangani au Kampala kwamba watu wa Butembo wamempotosha.

Wako maprofesere wenye asili ya hapa walio Ulaya, Kanada na Marekani. Kila tukizika mtu wanatuma pole na mchango, Mungu awabariki. Sura 1 ya kurasa 30 kwa mwaka haiwashindi, na maoni yanaweza kuja kwa sauti ya simu.

Siku ya 3 ifanyike kwa Kiswahili, katika ukumbi wa parokia au wa kanisa lolote lenye viti, na waalikwe waliohojiwa. Waliokimbia, familia zilizowapokea, wakulima wa kahawa, wauguzi, kufuatana na kazi zilizoletwa. Najua wasomi wengine watakunja uso: mama wa Furu atasahihisha teze ya doktora? Hatasahihisha mbinu za hesabu. Atasikia kilichosemwa kwa jina lake, na akisema "hapana, si hivyo", mwanafunzi atajua pa kutazama tena. Kuna hatari pia, tusidanganyane. Kazi inayogusa makundi yenye silaha haifai kusomwa kwa sauti mbele ya watu wasiojuana, mkoa ukiwa chini ya utawala wa kijeshi tangu mwezi wa 5 mwaka 2021 na msituni kukiwa na masikio. Kazi za namna hiyo zibaki kwenye saa ya meza. Mwanafunzi na mlezi wake waamue.

Pesa? Wali na maharage, karatasi, nauli za Beni, lita za mafuta ya jenereta. Mashirika yanayotuma watu na maswali kwenye familia za waliokimbia karibu kila mwezi yaulizwe kwanza, kwa sababu asistenti wetu ndio wanaowafanyia kazi hiyo ya kuuliza. Na wakina mama wanaosoma doktora wapangiwe asubuhi, si saa 11 jioni wakati mtoto anangoja nyumbani na giza linaingia. Sioni kwa nini hili linahitaji kuandikwa, lakini baada ya niliyoyaona naliandika.

Kwa upande wa redio nimezungumza na mkuu wangu: saa 1 hewani, siku ya posho baada ya habari, mwanafunzi 1 kila mara, aeleze kazi yake kwa Kiswahili na simu zipigwe. Baba wa wiki iliyopita, namba unayo.

Dada yule amekubali kuwa wa kwanza, na sura zake 2. Mama wa Furu nilimweleza pia. Aliuliza kama kutakuwa na nauli ya pikipiki, na kama atarudi nyumbani kabla ya mvua.